Diski Ilikuwa Moja

Mashine iliuliza mara mbili kabla ya kufuta. Kwanza ilitaka kujua kama Linux ikae pembeni ya Windows au ichukue diski yote. Mwalimu Projest Kaijage akachagua diski yote. Kisha ikamwonya kwamba vilivyomo vitapotea na havitarudi, ikamwachia vitufe viwili, kurudi nyuma au kuendelea. Akabonyeza kuendelea, akaegemea kiti na kumwita mkewe aje aone.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nyumbani kwao Pasiansi. Kompyuta ile ndogo ya kubebeka ilikuwa imechoka. Ukiiwasha, uliweza kwenda jikoni, ukachemsha chai na kuinywa, ukarudi ukaikuta bado inajifikiria, na Windows yake ilikuwa imeshaachwa kuhudumiwa na wenyewe walioitengeneza. Projest alifundisha fizikia na kompyuta katika sekondari moja ya Ilemela, na hakuwa mtu wa kupeleka mashine kwa fundi. Flashi aliiandaa mwenyewe shuleni. Akaichomeka ubavuni mwa mashine, akaiwasha huku amebonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia, na mfumo mpya ukaibuka kutoka kwenye kidude kisichozidi kidole gumba.

"Hicho ndicho kimebeba Windows nzima?" Paskazia aliuliza, mikono yake ina unga.

"Si Windows. Ni Linux. Haina leseni, virusi haviiwezi, na ni bure."

"Vya bure ndivyo vinavyotuponzaga. Na vitu vyetu?"

"Nyaraka za shule nimezihamisha. Vilivyobaki viko D."

"D ndiyo wapi?"

Alifurahi kuulizwa. "Ndani ya mashine kuna C na D. C ni nyumba, D ni ghala. Nyumba ikiungua, ghala linabaki limesimama. Mimi ninachochoma leo ni nyumba."

"Haya, nshomile wangu. Choma."

Paskazia alikuwa Msukuma wa Magu, binti wa mzee Machibya, na neno hilo la kuwatania Wahaya kwa kujiona wasomi alilitumia kwa mapenzi, hasa mbele za watu.

Mfano wa nyumba na ghala Projest alikuwa ameufundisha kwa miaka mingi. Wanafunzi waliupenda, na mkaguzi mmoja aliwahi kuusifu. Tatizo ni kwamba ulikuwa mfano tu. Ndani ya mashine ile kulikuwa na diski moja, ya zamani, ya kuzunguka, na C na D vilikuwa vyumba viwili chini ya paa moja. Hilo alilijua. Angeulizwa kwenye mtihani angelijibu bila kusita. Lakini mfano ule alikuwa ameurudia mara nyingi kiasi kwamba ulikuwa umekaa mahali pa ujuzi wake.

Usakinishaji ulipokwisha alichomoa flashi na kuiwasha mashine upya. Iliwaka kabla Paskazia hajamaliza kufuta mikono. Projest akafungua sehemu inayoonyesha diski ili amwonyeshe mkewe ghala. Palikuwa na diski moja, safi, karibu tupu.

"Ghala liko wapi?"

"Linakuja," alisema.

Paskazia akarudi kwenye chapati zake. Projest alibaki amekaa, mkono juu ya mashine, akihisi masikio yanapata moto kama ya mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Kwenye D kulikuwa na picha za harusi, mitihani ya zamani na video moja ya marehemu baba yake.

*

Mzee Kaijage alitoka Kagera kuja Mwanza kutibiwa, akafia nyumbani kwa Projest. Aliyemuuguza ni Adventina, dada mdogo wa Projest, aliyeacha dagaa wake wakianikwa na watu wengine huko Igombe na kuja kulala kwenye mkeka kando ya kitanda cha baba yao. Siku moja mzee aliomba ainuliwe, akaegemezwa mito, akamwambia Adventina ashike simu amrekodi. Chumbani walikuwa watatu tu, mzee, Adventina na Projest.

Alisema kwa Kihaya, pole pole, bila kukohoa. Sehemu ya chini ya kibanja chake cha migomba na kahawa, kutoka kwenye mibuni mpaka kijitoni, alimpa Adventina. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitazamia. Mwaka kahawa ilipokataa, alimtoa Adventina shule akiwa kidato cha pili ili Projest amalize. Akasema mwenye akili zaidi kati ya wale wawili alikuwa Adventina, na yeye alijua hivyo tangu siku ile. "Nilikosea, mwanangu. Nisamehe. Na ukoo usikie kwamba nimekuomba."

Adventina aliendelea kushika simu mpaka mzee alipomaliza.

Video ilikuwa ndefu na simu yake ilikuwa imejaa. Kuirusha kwenye kundi la familia kulikatazwa, kwa sababu baba yao mdogo, Ta Ishengoma, alipoambiwa kwamba ipo, alisema maneno ya mgonjwa hayatembezwi barabarani kama matangazo. Ukoo utaketi na kuyasikia pamoja. Projest ndiye aliyesema, "Iweke kwangu. Simu huanguka, simu huibiwa." Adventina akaihamishia kwenye mashine ya kaka yake, akaifuta kwenye simu ili apate nafasi ya picha za msiba.

Pasipo video ile, kibanja chote kingemwendea mtoto wa kwanza wa kiume. Mtoto huyo alikuwa Projest.

*

Ukweli mmoja ulimsumbua kuliko mengine, na aliujua vizuri. Diski ya namna ile ikifutwa, kinachopotea kwanza ni kumbukumbu ya mahali vitu vilipo. Vitu vyenyewe hubaki pale pale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Mwenye akili huzima mashine saa hiyo hiyo, huitoa diski na kuipeleka kwa mtaalamu wa kufufua mafaili. Nyamagana walikuwepo. Lakini mashine ilikuwa ya nyumba nzima, na kuizima kulihitaji sababu. Projest akajipa mpaka Jumatatu.

Jumapili jioni alimkuta Paskazia sebuleni, miguu juu ya stuli, anatazama kwenye mashine ile tamthilia ya Kikorea iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Kwa yule anayeingiza filamu pale kituoni. Nimechukua yote, mwanzo mpaka mwisho. Baba Hellen, mashine imekuwa mpya! Nimsifu mume wangu, hata kama ana maringo."

"Umeiingiza ndani ya mashine? Si ungeiangalia kwenye flashi?"

"Flashi ni ya watu, imerudi. Kwani kuna ubaya? Nafasi si ipo tele?"

Nafasi ilikuwepo tele, na baba yake alikuwa ndani ya hiyo nafasi. Projest alifungua mdomo.

"Hamna ubaya," alisema.

Wiki iliyofuata Paskazia aliingiza tamthilia nyingine, ya Kituruki. Binti yao Hellen akaongeza katuni. Projest aliziona zikipangwa kwenye mashine, moja baada ya nyingine, na kila mara alikuwa na sentensi tayari mdomoni. Kila siku aliyokaa kimya iliifanya sentensi hiyo iwe ngumu zaidi, kwa sababu sasa ilibidi aeleze na kimya chenyewe. Nani angeamini kwamba mwalimu wa kompyuta amefuta kwa bahati mbaya video moja iliyompunguzia urithi? Yeye mwenyewe, akiwa anasahihisha madaftari, alijiuliza kama angeiamini habari hiyo ikisimuliwa juu ya mtu mwingine. Hakupata jibu zuri.

*

Adventina alikuja siku ya kazi, amepanda bodaboda na ndoo ya dagaa wakavu mapajani. Alikuwa amechomwa na jua la mwaloni, ufukoni wanakoanikia dagaa, mabega yamekuwa ya mwanamume.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu. Mbona hukupiga simu?"

"Nikupigie kwani wewe ni waziri?" Akamkabidhi Paskazia ndoo. "Wifi, hawa ni wa kwenye chanja, hawana mchanga. Usimpe nshomile wako, atawahesabu."

Wakacheka, wote wawili, kama walivyozoea kumcheka. Alipokunywa maji alishusha sauti.

"Baba mdogo anakuja Jumapili. Ana kliniki ya macho, kikao kitakuwa hapa kwako. Kaka, ile kitu ipo?"

"Ipo."

"Nimeota nimekwenda kuifungua nikakuta sauti tu, sura hamna."

"Ndoto hizo ni za uchovu."

"Mimi shamba nikipata nitashukuru, nisipopata dagaa wapo." Alikuwa anaangalia glasi. "Lakini wasikie lile la shule. Baba mdogo ndiye aliyemwambia baba kwamba mtoto wa kike ni mgeni, humpi mgeni funguo. Nilikuwa nyuma ya mlango na sare yangu. Nataka akae hapo, asikie kwa sauti ya kaka yake."

"Atasikia," Projest alisema.

Adventina alipoondoka, Projest alijifungia chumbani na mashine. Aliichomeka flashi, safari hii yenye programu ya kutafuta mafaili yaliyofutwa, akaiacha ifukue. Ilileta mamia ya vipande visivyo na majina. Vingi havikufunguka. Vichache vilikuwa kurasa za mitihani. Kimoja kilikuwa video, kikubwa. Akakifungua. Mwanamke wa Kikorea alikuwa amekaa kitandani analia, na sauti ya mfasiri ilikuwa inasema kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, "Ona sasa, ona, anajuta huyu."

*

Jumapili baada ya misa Ta Ishengoma aliketi kwenye kochi kubwa, fimbo katikati ya magoti, jicho moja lina pamba. Kando yake walikaa wazee wawili wa ukoo waishio Mwanza. Revocatus, mdogo wa mwisho wa Projest na Adventina, anayeuza vipuri vya injini za boti Kirumba, alisimama mlangoni kwa sababu viti vilikwisha. Adventina alikaa kwenye stuli karibu na meza. Alivaa kitenge kipya, na mapajani alikuwa na spika ya kuazima, ili hata jikoni wasikie.

"Haya," Ta Ishengoma alisema. "Leteni mashine. Tumsikie kaka yangu."

Projest alisimama. Sentensi aliyoichagua ilikuwa fupi.

"Baba mdogo, naomba radhi. Mashine iliingiliwa na virusi. Video imepotea."

Paskazia alikuwa anapitisha sinia la chai. Alisimama nalo katikati ya chumba, akamtazama mumewe, kisha akaendelea kupitisha.

Revocatus ndiye aliyecheka. "Virusi tena? Si wewe uliyetukalisha hapa ukatuambia mfumo wako virusi haviuwezi?"

"Ilikuwa kabla ya kubadilisha."

"Mtaalamu, mtaalamu."

"Nyamaza wewe," Ta Ishengoma alisema. "Imepotea yote?"

"Yote."

Adventina alikuwa bado ameshika spika. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kuiwashia. Alikiondoa taratibu.

"Haidhuru," alisema. "Kaka alikuwepo. Alisikia kama nilivyosikia. Mimi nikisema mtasema najipendelea. Aseme yeye."

Wazee wakaafiki. Projest akaanza kusema, neno kwa neno, kwa Kihaya kama alivyosikia: sehemu ya chini ya kibanja, kutoka mibuni mpaka kijitoni. Hapo akakomea.

"Endelea, kaka. Bado," Adventina alisema.

Akaendelea. Akasema mwaka wa kahawa, akasema kidato cha pili, akasema nani alikuwa na akili kuliko nani. Akafika kwenye msamaha, akaumaliza nao.

Ta Ishengoma alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la upole kabisa.

"Umesema vizuri, mwanangu. Mtu anayejipunguzia ili mwenzake aongezeke, huyo ndiye amesoma. Lakini Kaijage nimelala naye kitanda kimoja utotoni. Hakuwahi kumwomba mtu msamaha. Padri mwenyewe alimpata kwa shida." Wazee wakacheka kidogo. "Unamfariji dada yako. Si kosa."

"Simfariji. Alisema."

"Basi tuonyeshe."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kinacheza. Projest alimtazama Adventina, na Adventina alikuwa anatazama sakafu, kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango.

"Hakukuwa na virusi," Projest alisema. "Niliifuta mimi. Nilikuwa naweka mfumo mpya kwa flashi, nikaiambia mashine ichukue diski yote. Nilidhani ile sehemu ya pili itabaki. Mashine ilinionya, nikaipuuza. Nilijua siku ile ile. Na siku ile ile ingeweza kufufuliwa kama ningeizima nikaipeleka kwa wanaojua. Sikuizima. Niliona aibu kusema. Watu wa nyumbani wakawa wanajaza tamthilia juu yake na mimi natazama."

"Mungu wangu," Paskazia alisema. "Zile zangu?"

"Hukujua. Mimi nilijua."

Revocatus hakuwa anacheka tena. "Na kibanja chote kingekuwa cha nani?"

"Changu."

"Uliifuta makusudi?" Ta Ishengoma aliuliza.

"Kufuta haikuwa makusudi. Kunyamaza ilikuwa makusudi."

Projest alikuwa amejiandaa kupokea hasira. Alitaka fimbo ile igonge sakafu, atajwe kwa jina, atolewe nje asimame uani mpaka waamue. Mzee alimtazama kwa jicho lake zima, akatikisa kichwa.

"Mashine zinaharibika," alisema. "Nani hajawahi kuficha aibu yake? Umekiri mbele ya wazee, inatosha. Wangapi wanakiri siku hizi?"

"Hawapo," alisema mzee mmoja.

"Mwalimu ni mwalimu," alisema mwingine.

Na hivyo ndivyo ilivyokwisha, wakati yeye hata hajakaa chini. Adventina ndiye aliyeuliza swali lililobaki.

"Ile siku nimeleta dagaa. Uliniambia ipo."

"Haikuwepo."

"Lakini siku ile ilikuwa bado inaokoleka?"

"Kidogo, labda. Sijui."

Adventina akaitikia kwa kichwa, kama anayeelekezwa njia. Akainama na kuiweka spika chini ya meza.

"Tumalize," Ta Ishengoma alisema. "Neno la marehemu halipo, kwa hiyo kibanja kina mrithi, na mrithi ni Projest. Lakini mrithi ana mkono wa kutoa. Projest, hiyo sehemu ya chini, unampa dada yako?"

"Si yangu kumpa. Baba alishampa."

"Sijakuuliza la baba. Nimekuuliza wewe. Unatoa, au hutoi?"

Projest alielewa. Akisema si yake kutoa, Adventina ataondoka mikono mitupu. Akisema anatoa, kile alichopewa na baba yao kitakuwa zawadi ya kaka, na lile la shule halitatajwa tena katika ukoo huu, kwa sababu halina pa kusimama. Alimtazama dada yake ili amwambie afanye lipi. Adventina hakuinua uso.

"Natoa," alisema.

Wazee wakapiga makofi. Ta Ishengoma akageuza fimbo kuelekea kwenye stuli.

"Adventina, mshukuru kaka yako."

"Amshukuru nini?" Paskazia alisema kutoka mlango wa jikoni. "Baba mkwe, mnisamehe, lakini amshukuru nini huyu?"

"Mama Hellen, haya ni ya kwetu," mzee alimjibu bila ukali, na Paskazia akabaki pale, kitambaa mkononi.

Adventina alisimama. Alikunja kitenge chake nyuma ya magoti, kisichafuke, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya Projest kama wanavyofanya wanawake wa kwao wanapopokea jambo kubwa. Akatoa mikono yote miwili, viganja juu. Kwenye vidole kulikuwa na makovu madogo ya kamba za kuanikia.

"Asante, kaka, kwa kunipa shamba," alisema kwa sauti, wote wasikie.

Shukrani ya namna hiyo haiishi mpaka aliyeshukuriwa aishike mikono na kujibu. Projest aliinama.

"Inuka, Adventina. Tafadhali. Inuka."

"Nijibu kwanza," alisema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Magoti yananiuma."

Akaishika mikono ile. Ilikuwa mikavu na ya moto.

"Karibu," alisema Projest, na wazee wakapiga makofi tena.